Majina mawili, mwandishi mmoja

Baadhi ya wasomaji wa historia ya Uturuki huamini kwamba mwandishi yeyote aliyekuwa pia mwanahabari na mbunge, akionekana kwa jina moja mwaka 1920 na jingine mwaka 1936, alijibadili jina ili kuukwepa mkono wa serikali. Dhana hiyo inaeleweka, hasa kwa mtu mwenye ulimi mkali; na lakabu za kukwepa udhibiti zilikuwepo kweli.

Lakini mara nyingi sababu ni sheria ya 1934 iliyomtaka kila raia awe na jina la ukoo. Kabla ya hapo Waislamu wengi wa huko walijulikana kwa jina lao, la baba, au kwa cheo kama Bey na Efendi. Sisi wa Pwani, tunaoitwa fulani bin fulani, hilo halitushangazi.

Ukitaka kuhakiki kama majina mawili ni ya mtu mmoja, tazama kwanza mwaka wa chapa, kisha linganisha mahali alipozaliwa na magazeti aliyoyahariri. Tarehe zisikubabaishe: kalenda ya zamani ya serikali, Rumi, iliachwa mwanzoni mwa 1926, na mwaka wake wa 1300 unaangukia 1884 na 1885.