Portsmouth: meli tatu na swali la "ndiyo yenyewe?"

Watu wakisikia kazi yangu ni kuhifadhi mbao za vyombo vya zamani, swali huwa lilelile: hicho mnachotuonyesha ndicho chenyewe, au mmekiunda upya? Huuliza kwa jicho la mtu anayekagua noti bandia. Siku hizi sibishani. Namwambia, ukijaliwa kufika Uingereza, panda treni mpaka stesheni ya bandarini Portsmouth, mwisho wa reli. Hatua chache kutoka hapo, ndani ya karakana ya zamani ya jeshi la majini, zipo meli tatu zinazolijibu swali hilo kwa namna tatu zisizopatana. Hata neno manowari mabaharia wetu walilichukua kwa Waingereza, na huu ndio mji wa manowari.

Anza na Mary Rose. Iliundwa mji huohuo, ikashushwa majini mwaka 1511, ikamtumikia Mfalme Henry VIII mpaka tarehe 19 Julai 1545, ilipozama kwenye mlango wa bahari wa Solent ikipigana na Wafaransa. Ilikuwa inageuka huku madirisha ya mizinga yako wazi, ikalala ubavu, maji yakaingilia humo humo. Juu ya sitaha ulikuwa umetandwa wavu wa kumzuia adui asirukie ndani, na wavu huo ukawanasa mabaharia wenyewe. Walikuwemo watu kama 500. Waliopona hawakufika 40.

Ililalia ubavu wa kulia. Upande uliodidimia kwenye tope haukupata hewa, ukasalimika. Upande wa juu ulibunguliwa na minyoo wa baharini mpaka ukaisha. Kwa hiyo kilichoinuliwa tarehe 11 Oktoba 1982 ni nusu ya meli, kama papai lililopasuliwa. Ukisimama mbele yake unaona sitaha zote kwa mpigo, toka ngamani, chini kabisa, mpaka juu.

Hapa niruhusu nikae kidogo, maana ndiyo riziki yangu. Mbao iliyokaa majini karne nne hukudanganya. Kwa macho ni nzima, lakini ndani imeliwa, na kinachoishikilia isiporomoke ni maji yaleyale. Nilipokuwa najifunza kazi nilipewa kipande cha taruma, yaani ubavu wa chombo, kilichotoka baharini. Nikakiweka kivulini, karibu na feni, nikijiona mwangalifu sana. Siku ya tatu kilikuwa kimejikunja kama gome la mdalasini, kimepasuka, na unene wake umebaki nusu. Hakirudi tena hicho.

Ndiyo sababu Mary Rose ilinyeshewa ndani ya nyumba kwa zaidi ya miaka 30. Kuanzia 1982 ilimwagiwa maji ya baridi, ili ukungu na bakteria wasipate nafasi. Kuanzia 1994 yakaongezwa polietilini glaikoli, aina ya nta inayoyeyuka majini, ile inayotiwa hata kwenye losheni. Kwanza ilitumika nyepesi ya kupenya ndani, baadaye nzito ya kuimarisha juu. Nta ikachukua nafasi ya maji taratibu. Mabomba yalifungwa Aprili 2013, ndipo kazi ya kukausha ikaanza. Na kazi ya kuihifadhi bado haijaisha: misumari ya chuma iliozea ndani ya mbao, bakteria wa topeni waliacha salfa, na salfa ikikutana na hewa huzaa asidi. Kwa hiyo usilalamike kwamba ukumbi una giza na unapita milango miwili ndipo uingie. Hewa yenyewe ya mle ndani ni dawa.

Vitu vilivyotolewa ndani yake vinazidi 19,000. Kuna pinde 137 nzima. Kuna vitana vyenye mabaki ya chawa, punje za pilipili manga, na mifupa ya mbwa mdogo. Mimi husimama zaidi kwenye sanduku la tabibu: kwenye marhamu yake bado zinaonekana alama za vidole vilivyochota.

Jirani yake ni HMS Victory (HMS maana yake meli ya mfalme au malkia), iliyoshushwa majini mwaka 1765, ambamo Nelson, amiri wa Waingereza, alipigwa risasi katika vita vya Trafalgar mwaka 1805. Hii hadithi yake ni kinyume kabisa. Tangu 1922 imekaa ndani ya gudi kavu, yaani shimo la kutengenezea meli lisilo na maji, na chombo cha mti kisipobebwa na maji hulemewa na uzito wake chenyewe. Sasa kimetegemezwa kwa nguzo 134 zenye vipimo vya uzito, na mgeni anaweza kushuka akapita chini ya mkuku, uti wa mgongo wa chombo. Msikose hapo. Mbao zake nyingi zimebadilishwa mara kwa mara. Adui ni maji ya mvua, kuvu, na mdudu mmoja anayegonga kichwa ndani ya mbao akimwita mwenziwe. Miaka ya 1960 mafundi waliondoa mialoni iliyooza wakatia misaji na iroko, wakiamini mafuta ya miti hiyo yatamshinda mdudu. Iroko ni jina la sokoni tu. Sisi tunauita mvule. Katika matengenezo makubwa yanayoendelea sasa wamerudi kwenye mwaloni, kwa hiyo utaikuta imezungukwa na majukwaa ya mafundi. Wageni wengine hununa. Mimi ningelipa zaidi.

Ya tatu, HMS Warrior ya 1860, ni ya chuma, hivyo si fani yangu. Bodi la chuma la meli ndilo lenyewe, vilivyomo ndani vingi vimeundwa upya. Ilinusurika kwa sababu ya kudhalilishwa: ilifanywa gati la kujazia meli mafuta kule Wales kwa karibu miaka 50, ndiyo maana haikuuzwa chuma chakavu.

Mjini kwenyewe kuna mnara wa Spinnaker, mita 170, wenye sakafu ya kioo inayowafurahisha watoto na kuwatoa jasho baba zao. Kuna nyumba alimozaliwa Charles Dickens mwaka 1812. Ufukweni Southsea kuna michezo ya bembea, na hoverkrafti inayovuka mpaka kisiwa cha Wight, ikipanda nchi kavu kwa kishindo kama jiko la gesi lililokasirika.

Ukibakiwa na saa moja, nenda ngome ya Southsea, iliyojengwa mwaka 1544. Mfalme Henry alikuwepo hapo siku Mary Rose ilipozama. Simama ukutani utazame kusini: mahali ilipozama ni kama kilomita mbili tu kutoka pwani, karibu kiasi kwamba, inasimuliwa, vilio vilisikika nchi kavu.