Dogwudi za porini: kijiti chekundu hakitoshi

Dogwudi ni vichaka na miti ambayo jina lake la kisayansi huanza na Cornus. Hapa tunapima dhana za wanaojaribu kuzitambua porini Amerika Kaskazini.

Dhana: Kijiti chekundu ni Cornus sericea.
Wekundu wa sericea hukolea majira ya baridi, hufifia kiangazi, na shina likizeeka hugeuka kijivu. Tena Cornus amomum, inayoota kwenye majimaji yaleyale ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, nayo ina vijiti vyenye wekundu wa zambarau. Rangi ya ganda isikushughulishe. Kata kijiti cha mwaka wa pili, kipasue kwa urefu kwa kisu kikali, utazame kiini: cheupe ni sericea, cha kahawia ni amomum. Chipukizi la mwaka huu halifai, kwa kuwa kiini chake huenda hakijakolea rangi. Wengi hukosea hapo. Matunda yakishaiva yatathibitisha: ya sericea ni meupe, ya amomum ni ya buluu yenye mabaka meupe.

Dhana: Majani ya dogwudi zote hutazamana mawilimawili.
Karibu zote, ndiyo. Ya Cornus alternifolia hupishana, ila husongamana kwenye ncha ya tawi hata yakaonekana yametoka mahali pamoja. Chunguza chini ya ncha, ambako yameachana.

Dhana: Jani likitoa nyuzi, umeshaijua spishi.
Ukilichana jani taratibu kwa upana, nusu mbili hubaki zikining'inia kwa nyuzi nyembamba. Huo si utomvu, ni kuta za mirija ya maji zilizokunjuka. Ukivuta kwa nguvu zinakatika. Jaribio hili linakuambia ni dogwudi tu, si dogwudi ipi. Faida yake ni kuitenga na kichaka cha Rhamnus cathartica, mgeni kutoka Ulaya, ambaye mishipa ya majani yake pia hupinda kuelekea ncha. Ukingo wa jani la mgeni huyo una vimeno. Wa dogwudi hauna. (Mishipa ya kupinda namna hiyo utaiona pia kwa Cornus volkensii, jamaa yao wa misitu ya Kilimanjaro.)

Dhana: Lazima ua liwe na petali nne kubwa nyeupe.
Hiyo ni Cornus florida, na hata hizo si petali bali ni majani yaliyogeuka. Vichaka tunavyovizungumzia hutoa vishada vya maua madogo.

Dhana: Matunda meupe ni ya dogwudi.
Hatari. Toxicodendron vernix, inayowasha ngozi vibaya, huzaa meupe pia, tena kwenye vinamasi. Jani lake limegawanyika vijijani 7 hadi 13. La dogwudi ni moja zima. Matunda meupe ya dogwudi nyingine, Cornus racemosa, hukaa juu ya vikonyo vyekundu, na ndege wakishayamaliza vikonyo hubaki, vikakutambulishia kichaka hata majani yakipukutika.