Dawa za Kifafa: Kwa Nini Zinywewe Hata Siku Ambazo Mgonjwa Haanguki

Swali: Dawa za kifafa hufanya nini hasa mwilini?

Jibu: Chembe za neva katika ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo, baadhi zikichochea na nyingine zikituliza. Mizani hiyo ikivurugika, kundi kubwa la chembe hufyatua umeme kwa pamoja, mtu akapoteza fahamu, akakakamaa na kutetemeka. Dawa za fenitoini na kabamazepini huziba njia zinazopitisha sodiamu katika chembe zinazofyatua mfululizo, ilhali fenobabitoni huipa nguvu GABA, kemikali ya asili inayotuliza ubongo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofuta kovu au hitilafu iliyoleta kifafa. Zinazuia kifafa kisimshike mgonjwa, na zinazuia pale tu zinapokuwamo katika damu kwa kiwango cha kutosha.

Swali: Mwanangu hajaanguka kwa miezi 8. Kwa nini bado ameze dawa?

Jibu: Mara nyingi haanguki kwa sababu anameza. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mzazi alielewe, kwa maana dawa ikiachwa ghafla, hasa fenobabitoni, ubongo uliokwisha kuizoea hubaki bila kinga, na kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu, mshtuko mmoja ukifuatwa na mwingine bila mgonjwa kupata fahamu, hali ambayo inaweza kuua. Kwa kawaida daktari hufikiria kuondoa dawa mgonjwa akikaa angalau miaka 2 bila kuanguka, na hata hapo hupunguza kidogo kidogo kwa wiki nyingi au miezi. Kwa hiyo rudini kliniki kabla vidonge havijaisha, na mkiwa na safari ya msiba au ya likizo, hesabuni vidonge kabla ya kuhesabu nauli.

Kudumu na dawa kuna faida kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Wala si lazima dawa iwe mpya au ya gharama: fenobabitoni inatumika kwa kifafa tangu 1912, na ni miongoni mwa dawa zilizotumika Mahenge, mkoani Morogoro, katika kliniki ya kifafa iliyoanzishwa na daktari Louise Jilek-Aall mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Swali: Akisahau dozi?

Jibu: Ameze mara anapokumbuka. Ikiwa saa ya dozi inayofuata imekaribia, aiache iliyopita. Asimeze mbili kwa pamoja.

Swali: Ni madhara gani ya kuogopa?

Jibu: Usingizi na kizunguzungu ni vya kawaida mwanzoni, na fenobabitoni huwafanya baadhi ya watoto wasitulie, jambo ambalo walimu hulidhania kuwa utundu. Fenitoini inaweza kuvimbisha ufizi. La hatari zaidi ni upele unaotokea katika wiki za mwanzo, hasa ukifuatana na homa, malengelenge au vidonda vya mdomoni na machoni, kwa anayetumia kabamazepini, fenitoini, fenobabitoni au lamotrijini. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani hapo dawa hubadilishwa chini ya uangalizi wa daktari.

Swali: Zinagongana na dawa nyingine?

Jibu: Ndiyo, na mara nyingi mgonjwa haulizwi. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni hulifanya ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida, hivyo vidonge vya kupanga uzazi vinaweza kushindwa kazi, na dolutegravir, dawa ya wanaoishi na VVU, hupungua katika damu. Dawa mseto ya malaria pia inaweza kupungua nguvu. Mtajie mhudumu dawa zote unazotumia, zikiwamo za mitishamba. Pombe nayo huongeza usingizi na huweza kuamsha kifafa.

Swali: Na mwanamke anayetaka kupata mtoto?

Jibu: Amwone daktari kabla ya kushika mimba. Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ikitumika wakati wa ujauzito, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za kimaumbile, na wengine huchelewa kuongea na kujifunza. Kwa hiyo mara nyingi hutafutwa dawa nyingine, pamoja na asidi ya foliki. Aliyekwisha kupata mimba asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa sababu kuanguka kunamhatarisha yeye na mtoto aliye tumboni. Wengi wanaotumia dawa hizi huweza kunyonyesha.

Swali: Akianguka tumpe dozi ya ziada?

Jibu: Hapana. Msimtie kidonge, maji wala kijiko mdomoni, kwani vinaweza kumpalia. Msogezeni mbali na moto, na mara anapoacha kutetemeka mlazeni ubavu. Povu lake haliambukizi, mshikeni bila hofu. Tazameni saa: ikizidi dakika 5, au akishikwa tena kabla ya kuzinduka, mkimbizeni hospitali. Kisha andikeni tarehe, muda na kama alikuwa amekosa dozi, maana kwa daftari hilo daktari ataamua kama kipimo cha dawa kiongezwe.