Goti Linauma? Hiyo Si Sadaka, Siti Iko Chini

Ahadi huwa nzuri: siku 30, kilometa 15 za baiskeli kila siku, fedha za wachangiaji ziende kituo cha yatima au zikamlipie mgonjwa matibabu. Siku ya tisa baiskeli inakokotwa hadi kwa fundi, mwenyewe anachechemea, na maneno ni yaleyale: "Magoti yanauma, lakini ndiyo kujitolea kwenyewe."

Siyo kujitolea. Siti yako iko chini.

Watu wameshika kwamba siti sahihi ni ile inayokuruhusu kukanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili ukiwa umekaa. Kwa mtoto anayejifunza, sawa. Kwa mtu wa kilometa 15 kwa siku ni kujitafutia ugonjwa. Piga hesabu: baiskeli ya gia moja, meno 44 mbele na 18 nyuma, gurudumu la mzunguko wa mita 2.2, husogea mita 5.4 hivi kila pedeli inapozunguka mara moja. Kilometa 15 ni mizunguko kama 2,800. Kwa mwezi inapita 83,000. Siti ikiwa chini, katika mizunguko yote hiyo goti halipati kunyooka. Linasukuma likiwa limekunjwa, na pia ya goti (kile kifupa cha mbele) inagandamizwa kwenye mfupa wa paja kila unapokanyaga. Hapo hata dawa ya kuchua haisaidii, maana kesho unarudi kwenye siti ileile.

Kupima ni dakika tano. Vaa viatu unavyoendeshea, egemea ukuta, kaa katikati ya siti. Weka kisigino kwenye pedeli (kisigino, si kidole) kisha zungusha kinyumenyume hadi pedeli ifike chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kulalia upande huo. Ukihamisha mguu ukanyage kwa sehemu pana iliyo nyuma ya vidole, goti litabaki limekunjika kidogo, nyuzi 25 hadi 35. Hapo ndipo panapotakiwa.

Kama siti ilikuwa chini sana, usiipandishe yote kwa mkupuo. Nusu sentimita, endesha siku mbili, kisha nusu nyingine. Zungushia utepe kwenye bomba la siti ujue ulikoanzia. Bomba hilo lina mstari wa kikomo, na mstari ukionekana nje umezidisha: bomba litapinda au litapasua fremu. Nunua refu zaidi lenye unene uleule. Na ujue kusoma maumivu: yakiwa mbele ya goti, mara nyingi siti iko chini, yakiwa nyuma ya goti, au makalio yakicheza kulia na kushoto unapoendesha, umeipandisha mno. Maumivu yenye uvimbe ni ya daktari, fundi hana spana yake.

"Sasa nitasimamaje?" Kwa kushuka kwenye siti. Shika breki, simama juu ya pedeli iliyo chini, sogea mbele ya siti, tua mguu wa pili. Jioni moja uwanjani inatosha kuzoea.

Sponji nene juu ya siti nayo ni udanganyifu. Mifupa ya makalio inazama, sponji inapanda katikati na kubana palepale usipotaka pabanwe. Kinachosaidia ni kaptula yenye pedi, ivaliwe bila chupi, kwa sababu mshono wa chupi ndio unaochubua. Ifuliwe kila siku.

Oili chafu ya gari kwenye cheni: acheni! Inakusanya mchanga na kuugeuza msasa. Futa cheni kwa kitambaa, dondoshea tone moja la oili safi nyepesi kwenye kila kiungo, zungusha pedeli, kisha ufute tena kilichobaki nje. Cheni ipimwe kwa rula: kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha. Ikifika moja ya nane, gia nazo zimeshaliwa, utalipia vyote.

Upepo wa tairi: namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni kikomo, hujaamriwa uifikie. Tairi likiwa gumu kama jiwe linakurusha kwenye changarawe. Jaza pungufu kidogo ya kikomo, na urudie kila wiki kwa sababu tyubu nzima pia hupoteza upepo.

Wengine hudhani kila siku lazima iwe sawa na jana. Kama ahadi ni kilometa 450 kwa mwezi, leo nenda 25, kesho tano za taratibu. Misuli hujengeka siku ile nyepesi.

Halafu kuna wanaoamini kilometa ndizo zinazoleta fedha. Fedha huletwa na ahadi zilizoandikwa kabla hujapanda siti. Watu 20 wakiahidi shilingi 100 kwa kilometa, kilometa 450 ni shilingi 900,000. Kusanya nusu siku ya 15, wakati bado wanakuona barabarani. Zilipwe moja kwa moja kwenye namba ya kituo, zisipitie simu yako, na kama gharama za matairi zitatolewa humo, waambie wachangiaji kabla hawajatoa hata senti.