"Sichezi kamari dada, mimi nabeti tu"

Nimeisikia tena juzi, nikaona safari hii niandike kabisa maana nimechoka kuirudia kwa mdomo. Kijana amekuja kwangu kwa ushauri, amekaa mbele yangu, fomu ninayo mezani, namuuliza unacheza kamari? Hapana dada, sijawahi. Nikaweka kalamu chini, na mikeka je, zile orodha za mechi unazowekea hela? Aah mikeka ndo kila siku, si ndo iliyonileta kwako. Kodi ya miezi mitatu imeenda, pikipiki ya mkopo imechukuliwa, ila kamari hajawahi kucheza!

Jamani, kubeti ni kamari. Unaweka dau kwenye jambo ambalo huwezi kuliamua, likitokea unachukua, lisipotokea umeliwa, basi, maana yenyewe ndo hiyo, iwe ni karata chini ya mwembe, pata potea ya stendi, dubwi, ile mashine ya sarafu ya pale dukani, au simu yenye mechi 12. Hata sheria yetu Tanzania, ile ya mwaka 2003, imeviweka vyote kapu moja, kasino, bahati nasibu na kubashiri mechi, vyote ni michezo ya kubahatisha na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni ni hiyohiyo moja. Mtu ananiambia lakini dada wana leseni. Ndio, leseni inasema biashara ni halali kwa mwenye miaka 18 kwenda juu, haisemi kwamba sio kamari.

Na najua kinachotokea hapo. Kamari ni neno la Kiarabu lililokaa kwetu miaka mingi na limekaa vibaya, tafsiri za Kurani za Kiswahili zinalo kwenye Al-Maida aya ya 90, liko sambamba na ulevi, kwahiyo mtu aliyelelewa vizuri hawezi kulitamka mbele ya mama yake. Ndo yanaletwa maneno laini. Kubeti limetoka Kiingereza, halina historia nyumbani, halimchomi mtu. Ila linaloniudhi kuliko yote ni kubashiri. Kubashiri na bishara ni shina moja, habari njema inayokuja, kwahiyo anayebashiri anaonekana mjuzi wa mambo. Sasa wale wa hali ya hewa wakisema kesho mvua na isinyeshe hakuna anayewakata hela, wewe ukikosea imekatwa tangu ulipobonyeza. Halafu mkeka. Mkeka ni kitu cha kumkaribishia mgeni, ukichanika unashona mwingine, na ndo hivyohivyo wanavyoongea, "mkeka umechanika dada", kama vile hakuna hela ya watoto iliyoondoka pale.

Wa pili kwa kunichosha ni anayesema mimi najua mpira, sibahatishi. Sawa unajua, na mimi nakuamini. Chukua timu 10 za uhakika, kila moja odi 1.5, yaani dau linazidishwa mara 1.5 timu ikishinda, mkeka wote unalipa kama mara 57, elfu moja inakuwa elfu 57 na kitu, tamu sana. Lakini kampuni imeshajikatia chake ndani ya hizo odi, tuseme kila timu ina nafasi 63 kwa 100 ya kushinda. Zote 10 kushinda kwa pamoja inakuja kama mara 1 kwenye mikeka 100. Yaani kwa mikeka 100 ya elfu moja moja umetoa laki moja ili irudi elfu 57, na hapo hujakosea kitu kuhusu mpira.

"Imenikosesha mechi moja tu, nimekaribia." Hujakaribia, umeliwa hela yote, mkeka uliokosa mechi moja na uliokosa tisa vinalipa sawasawa, sifuri.

"Nimeliwa sana, sasa lazima itoke." Kasino ya Monte Carlo mwaka 1913 mpira wa ruleti, lile gurudumu la namba nyekundu na nyeusi, uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, watu wakamwaga hela kwenye nyekundu wakiamini lazima itoke, wakaisha. Gurudumu halikumbuki chochote, na kale kandege ka mchezo wa kubeti kwenye simu hakakumbuki pia.

Kuna na wanaosema upatu nao ni kamari. Hapana, kwenye upatu wa kina mama unatoa na zamu yako unapokea kilekile ulichotoa, hakuna aliyeshinda wala aliyeliwa.

Na nyie wazazi, "ni uhuni tu, sio ugonjwa". Shirika la Afya Duniani wameuweka uraibu wa kamari kwenye orodha yao ya magonjwa, na madaktari wa akili wa Marekani tangu 2013 wameuhamishia, kwenye mwongozo wao wa magonjwa, sura moja na pombe na madawa ya kulevya. Mlete, msimfukuze nyumbani.

Mimi kwa kila anayekuja naanza na kitu kimoja, nenda kachapishe miamala ya simu ya miezi sita, chukua peni nyekundu, pigia mstari kila hela iliyoenda huko, kisha juu ya karatasi andika kwa mkono wako neno KAMARI. Sio beti wala mkeka. Yule kijana wa juzi kwanza aliandika beti, akanitazama, akakata, akaandika upya, tukaanza kujumlisha. Ilifika milioni 2 na laki 3. Pikipiki aliyonyang'anywa ilikuwa imebaki deni la laki 9.