Chuo na mtaa katika huduma ya afya: tunayoyaelewa vibaya

"Chuo kikileta mradi wa afya uswahilini, wakazi kazi yao ni kupokea tu."

Dhana hii inaniuma kuliko zote, maana inafuta jasho la watu. Chukua kifua kikuu hapa Dar es Salaam. Wapo wagonjwa wanaopimwa makohozi kwa darubini kituoni, wanaambiwa hawana TB, kumbe vimelea ni vichache na darubini haikuviona. Wanarudi kwenye chumba wanacholala na watoto. Shirika la APOPO, linaloshirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, huzichukua sampuli hizo na kuzipitisha kwa panya buku waliofundishwa kunusa TB. Panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa dakika 20 hivi.

Ila jibu likibaki kwenye daftari halimtibu mtu. Nani atampata mgonjwa aliyeandikisha "Mbagala, karibu na msikiti", na simu yake haipatikani? Hapo ndipo wanapoingia MUKIKUTE wa Temeke, kikundi chenye watu waliowahi kuugua TB na kupona. Mwenyeji anajua aanzie kwa mjumbe gani, na aulizie vipi bila kumwanika mgonjwa. Akibisha hodi na kusema "hata mimi nilimeza dawa hizi", anasikilizwa.

"Siku hizi tunapimwa na panya tu."

Hapana. Sampuli ambayo panya ameitilia shaka hurudiwa maabara kwanza. Ikithibitika, mgonjwa huanzishiwa dawa, ambazo hazilipiwi.

"Watafiti wanataka damu zetu, kisha wanapotea."

Wasiwasi huu siudharau. Ni kweli wapo waliohojiwa na hawakuletewa majibu. Lakini utafiti kwa binadamu unahitaji kibali cha kimaadili. Omba kukiona. Unaweza kukataa, au kujitoa katikati, na bado una haki ya kutibiwa.

Tena takwimu zikitumika vizuri, mtaa unafaidika. Mwaka 2006, wakazi wa Buguruni, Kurasini na Mikocheni walianza kunyunyiza dawa ya viluwiluwi vya mbu kwenye madimbwi na mifereji, chini ya mpango wa Jiji na watafiti. Maambukizi ya malaria yalipungua, na kata nyingine zikafuata.

"Wahudumu wa afya wa jamii wanajitolea, hawana haja ya malipo."

Anayetoka nyumba hadi nyumba tangu asubuhi analipa nauli na ana watoto wa kulisha. Mradi unaotenga fedha za semina hotelini utenge kwanza posho yake, na uilipe kwa wakati.