Treni ya Ubungo: kuongeza mabehewa hakuongezi safari

Dar es Salaam, kila foleni inapozidi, hoja hurudi ileile: treni ya Ubungo iongezewe vichwa na mabehewa. Nimefanya kazi ya kupanga ratiba za treni, na hoja hii hunisumbua kwa sababu kinachobana safari ni njia yenyewe.

Huduma ilianza Oktoba 2012, Dk. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, na wananchi wakaiita treni ya Mwakyembe. Ilitoka Stesheni kwa Reli ya Kati, kisha ikachepuka kufuata tawi linalopita Mabibo hadi Ubungo Maziwa. Tawi lenyewe ni njia moja tu ya reli, ya kwenda na kurudi. Kwa mizigo ya viwandani hilo si tatizo: mabehewa yakiingia asubuhi na kutoka jioni, inatosha.

Abiria wa asubuhi wanataka treni zifuatane. Tuseme treni inatumia dakika 20 kwenda hadi mwisho wa tawi, 10 kugeuza, na 20 kurudi. Kama hakuna pa kupishana, nyingine hairuhusiwi kuingia kabla ya dakika 50 kwisha. Hata ukinunua vichwa kumi, ni 50 tu. Weka njia ya kupishana katikati ya tawi: moja inaingia wakati nyingine inatoka, zinakutana hapo, na pengo linashuka hadi dakika 30. Kwa urefu wa treni moja na ziada kidogo ya reli, hiyo ndiyo fedha ningeitetea kwanza.

Zile dakika 10 za kugeuza nazo zinapungua. Kichwa hufunguliwa, hupita njia ya pembeni, hufungwa upande wa pili, kisha breki hujaribiwa. Treni yenye chumba cha dereva pande zote mbili haina kazi hiyo. Dereva anahama tu. Ikigeuka kwa dakika 4, pengo ni 24.

Kuazima mabehewa ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyokuwa na treni yake ya kwenda Mwakanga, hakuwezekani hivihivi: reli yao ina upana wa milimita 1,067, ya Reli ya Kati 1,000.

Kwa hiyo anayepanga Ubungo aanze na kipande cha ardhi kando ya tawi, kabla hakijajengwa maduka.